Kumpima mtu kwa picha za simu badala ya tepu: nimepata sare za watu 11, nitawaletea mrejesho

SindanoMoja (Mtwara)

Wakuu habari za jioni. Wale mnaotaka kusema "fundi kuanzisha uzi ndiyo kazi yake", nimewawahi, twende kwenye hoja.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, pande za Chikongola. Nina cherehani mbili, ovaloki moja na kijana wa kutia vifungo. Mlioko kusini kalenda yetu mnaijua: Oktoba minada ya korosho ikianza na pesa zikaanza kushuka vijijini, harusi zinafuatana kama malori ya korosho kwenye barabara ya bandarini. Fundi halali.

Msimu huu nimepata kazi ya sare za harusi ya Mikindani. Magauni 11 ya kitenge, kitambaa kimoja, mshono mmoja. Tabu ni kwamba katika hao 11, wanne tu ndio wapo hapa. Wawili wako Masasi, wanne Dar, na mmoja yuko Pemba ya Msumbiji, kaolewa huko.

Zamani kazi ya namna hii unaomba kila mtu apimwe na fundi wa kwao atume vipimo WhatsApp. Nimeumia sana na utaratibu huo. Fundi mmoja anapima kiuno kitovuni, mwingine pale mkanda wa suruali unapokaa, wa tatu anazungusha tepu juu ya dera. Wote wanakuandikia "kiuno 34". Ukishakata ndipo unajua 34 ya nani ilikuwa ipi. Kuna mmoja aliwahi kunitumia vipimo vya dada yake, eti "huwa tunavaliana".

Sasa mpwa wangu anayesoma chuo kaniwekea programu kwenye simu. Unajaza urefu wa mtu, unampiga picha mbili: ya kwanza kaitazama kamera, mikono imeachana kidogo na mwili, ya pili amegeuka ubavu. Haichukui muda inakutolea kifua, kiuno, nyonga, paja, urefu wa mkono, bega kwa bega. Jina lake siliweki, sikuja kuitangaza wala kuichafua.

Sikuiamini. Nikaanza na wale wanne wa hapa, tepu kwanza, nikaandika daftarini, ndipo picha. Kwa watatu, kifua kilipishana na tepu kwa nusu inchi hadi inchi moja, nyonga zilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Kiuno cha mmoja kilipotea inchi 1 na nusu, alivaa fulana inayoning'inia. Mabega sikuyapenda kwa mtu yeyote.

Wa nne ndiye aliyenichanganya. Kila kitu kilizidi. Tepu inasema kifua 40, simu inasema 41 na kitu. Kiuno 34, simu 35. Nyonga 44, simu inakaribia 45 na nusu. Nikaona basi, programu imekufa. Mpwa akaniuliza, "Mjomba, urefu wake umempima?" Sikumpima. Nilimuuliza akasema futi 5 na inchi 4, nikajaza. Nikamsimamisha ukutani: futi 5 na inchi 2. Inchi mbili za mdomoni zimenenepesha mwili mzima.

Kabla sijakata vitambaa vya watu saba ambao siwezi kuwagusa, nataka kusikia waliowahi kujaribu hii kitu.

Kambi_Popote

Naweka kigoda hapa. Uzi wa fundi usikatike tu.

MpwaWaWatu (Dar)

Fundi, huyo wa nne hakukosewa na programu, programu ilimwamini. Ngoja nieleze, maana nimewahi kufanya kazi karibu na mambo haya.

Picha haina inchi ndani yake. Mtu mfupi aliye karibu na kamera na mrefu aliye mbali wanaweza kuonekana sawa kabisa. Kwa hiyo programu inachukua ule urefu uliojaza, inaugawa kwa mtu anavyoonekana pichani kuanzia utosini hadi kisiginoni, na hapo ndipo inapopata rula yake. Ukizidisha urefu, umezidisha rula. Inchi 64 badala ya 62 ni ongezeko la kama asilimia 3.2, na asilimia 3.2 ya 44 ni inchi 1.4. Hesabu yako imetoka vilevile.

La pili. Picha ya mbele inaonyesha upana, ya ubavu inaonyesha unene. Mzunguko wenyewe wa kifua au kiuno kamera haijauona. Inaukisia, kwa sababu imefundishwa kwa miili mingi iliyopimwa kwa skana: mwili wenye upana huu na unene huu, mzunguko wake kwa kawaida huwa hivi. Skana zenyewe ni habari nyingine, zile unasimama katikati, mwanga unakupita pande zote na unapatikana mwili wako wote kwa umbo la pande tatu. Hizo zinaona kweli, ila ni mitambo ya gharama na sijaona fundi wa mtaani mwenye nayo.

Hapo kwenye kufundishwa ndipo pa kuuliza maswali. Kuna mkusanyiko mkubwa wa miili iliyoskaniwa unaoitwa CAESAR, ulifanyika kati ya 1998 na 2000, watu kama 4,400 wa Marekani, Kanada, Uholanzi na Italia. Umbo-mfano la mwili wa mtu kwenye kompyuta linalotumika sana kwa watafiti, SMPL la 2015, lilijifunza maumbo kutoka kwenye data hiyo. Programu yako sijui wamefundishia nini, ila kama miili iliyotumika ni ya huko, basi nyonga na mgongo wa chini wa wateja wako inavibahatisha zaidi kuliko vya Mholanzi.

Wajapani walijaribu njia nyingine. Kampuni ya Zozo mwaka 2017 ilitangaza vazi la kubana, na lile walilokuja kulisambaza 2018 lilikuwa jeusi lenye madoadoa meupe mwili mzima. Unalivaa, unajizungusha mbele ya simu kama mshale wa saa, picha 12, na simu inasoma madoa. Watu walilipokea kwa shangwe, lakini baadaye wakaliondoa sokoni, kisha 2020 wakaja na toleo la pili. Amazon nao 2020 walikuwa na fulana ya kushonewa kwa dola 25, picha mbili pamoja na urefu na uzito. Nayo ikaishia njiani. Kwa hiyo usijione umechelewa, wenye mabilioni nao wanahangaika na bega.

BintiShangani

Mimi nauliza swali ambalo wanaume mmelipita kama basi la usiku. Hizo picha mnapiga watu wamevaa nini?

Programu hizi zinataka nguo ya kubana, maana dera likivaliwa inapima dera. Sasa mwanamke wa Mikindani, anayetoka na buibui, umwambie avae taiti na fulana ya kubana, asimame mbele ya ukuta, apigwe ubavu, halafu picha iende kwenye simu ya fundi? Na kutoka hapo iende wapi? Nyingine zinasomwa humohumo kwenye simu, nyingine zinapandishwa kwenye kompyuta za watu ambao huwajui wako nchi gani. Fundi umesoma masharti yake au ulibonyeza "nakubali" kama sisi wote?

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Picha ya mwili wa mteja ni taarifa yake. Lazima ajue unaichukua kwa kazi gani, na kazi ikiisha usiendelee kukaa nayo.

Tepu ilikuwa na adabu yake. Mimi nilipoolewa nilipimwa na somo yangu chumbani, fundi yuko barazani anaandika anachosomewa. Hakuniona hata kidole.

SindanoMoja (Mtwara)

Dada BintiShangani umenikamata pabaya. Nilibonyeza "nakubali".

Nimerudi nikasoma na mpwa. Yangu inapandisha picha. Inasema zinafutwa baada ya vipimo kutoka, lakini hilo ni neno lao. Kwa wale saba nimebadilisha utaratibu: kila mmoja kaweka programu kwenye simu yake au ya mtu anayemwamini, kapigwa na mwanamke mwenzake, na nimewaeleza wazi kwamba picha inatoka nje ya simu. Mimi natumiwa namba tu. Wawili wamekataa kabisa, nao hao nimewaambia wapimwe kwa tepu, ila nimewatumia sauti ya WhatsApp nikieleza kila kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi. Bi mdogo wa Masasi kafunga kamba ya kiatu kiunoni kwanza, pale mwili unapoingia ndani, ndipo akapimwa juu ya kamba. Hiyo nimeipenda, naanza kuitumia hata dukani.

Tepu_ya_Zamani (Lindi)

Vijana nawasalimu. Nimekaa kwenye cherehani tangu ile ya kukanyaga kwa mguu, na mpaka leo umeme ukikatika ndiyo inayonilisha.

Nimewasoma wote. Mnabishana kuhusu nusu inchi ya simu, na mmesahau kwamba hakuna fundi anayekata kipimo cha mwili. Mtu ana kifua 40, ukimkatia 40 kwenye kitenge ambacho hakivutiki, hatanyanyua mkono kumpungia bibi harusi. Unaongeza inchi 2 au 3, kutegemea mshono na kutegemea mtu. Huyu atakaa mezani na zawadi, huyu ni mcheza ngoma, ataruka usiku kucha. Anayebeba magunia ya korosho bega moja limeshuka, ukimkatia sawasawa shati lake linaning'inia upande. Mama anayenyonyesha kifua cha asubuhi si cha jioni. Na wote wakiona tepu wanavuta tumbo ndani. Mimi huwa namuuliza mtu habari za nyumbani wakati napima, akianza kujibu tumbo linarudi mahali pake.

Sasa simu inamuuliza nani habari za nyumbani?

Halafu kitambaa. Kitenge cha pamba kiloweke usiku mmoja, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Usipoloweka kitapungua kwenye beseni la mwenyewe, na lawama zitakuja kwako hata kama ulipimiwa na malaika.

Siku hizi watu wanataja sana mazingira na kuokoa nguo. Mimi najua njia moja: acha inchi nzima ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, na upindo mpana chini. Mtu akinenepa unaachia, mtoto akirefuka unashusha. Nimeshusha sare ya shule ya mtoto mmoja mara tatu, ikamfikisha darasa la nne. Hizi za viwandani wanaacha kauzi, zikibana ni matambara.

MgeniWaMsimbati

Shikamoo mzee. Niongezee hapo kwenye viwandani, maana ndiko sababu ya teknolojia hii iliko.

Wenzetu wanashona kwanza, wanatafuta mvaaji baadaye. Saizi S, M, L kwa maelfu, na zisipopata miili zinabaki. Mwaka 2018 H&M, kampuni kubwa ya nguo ya Sweden, walitoa hesabu wakaonekana wamekalia mzigo wa zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka huohuo Burberry, wauza mavazi ya kifahari wa Uingereza, wakaripoti kuharibu bidhaa za pauni milioni 28.6, kelele zikawa nyingi mpaka wakatangaza kuacha. Umoja wa Ulaya umeshaweka sheria inayozuia makampuni makubwa kuangamiza nguo ambazo hazijauzwa, kuanzia Julai 2026. Na wanaonunua mtandaoni wanarudisha kwa sababu haikukaa. Kwa hiyo wanatafuta namna ya kumjua mvaaji kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Yaani wanatafuta kilichopo kwa SindanoMoja pale Chikongola. Fundi wetu hajawahi kuwa na gauni lililokosa mwenyewe.

MtumbaSafi (Masasi)

Hajawahi kuwa na gauni lililokosa mwenyewe, ila ana mwenyewe aliyekosa gauni. Nenda kaulize mafundi wana vitambaa vya watu vya tangu lini.

Nasi wa mitumba msitusahau. Nguo yangu imeshashonwa, imeshavaliwa, haili pamba mpya. Mwaka 2016 wakubwa wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019, Marekani wakatishia kuwaondoa kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru, na biashara ikaendelea. Tupo. Mteja wangu anapima kwa kujaribu, juu ya suruali aliyoivaa. Teknolojia hiyo.

Tepu_ya_Zamani (Lindi)

@MtumbaSafi na wakishajaribu wanakuja kwangu kupunguza. Tunategemeana mwanangu.

SindanoMoja (Mtwara)

MREJESHO. Harusi imepita salama Jumamosi, naandika nikiwa nimelala saa 11 mfululizo.

Kwanza kitambaa, maana hapa ndipo nimepata faida ambayo sikuitegemea. Siku zote mtu akija nakata gauni lake, anayefuata nakata lake, na mabaki yanakuwa mabaki. Gauni la mshono ule nahesabu yadi 4, kwa hiyo 11 ni yadi 44, na kitenge kinauzwa kipande cha yadi 6. Ningenunua vipande 8. Safari hii vipimo vyote vilikuwa vimeshafika kabla sijashika mkasi. Nikachora vyote kwenye karatasi, nikatandika mkekani, nikawa napanga kama mtu anayepakia gari: mkono wa mwembamba unaingia kwenye pengo la kwapa la mnene. Vikatosha vipande 7. Huwa nasoma kwamba viwandani nako kama asilimia 15 ya kitambaa inaishia sakafuni, sasa naamini, maana sakafu yangu naijua.

Tahadhari: kitenge kile kilikuwa na samaki, na samaki wana kichwa. Kipande kimoja nilikigeuza ili kiingie, nikakuta samaki wanaogelea kichwa chini mgongoni mwa mtu. Nikakata kingine. Vilemba vimetoka kwenye makosa hayo.

Mpwa alinionyesha pia programu za bure za kuchora violezo, Seamly2D ya kompyuta na FreeSewing ya mtandaoni. Unaingiza vipimo vya mtu, inachora kiolezo chake. Unachapisha kwenye karatasi za A4 unazigandisha kwa selotepu. Kwa shati la kiume imenitolea kitu kizuri. Kwa mshono wa kitenge wenye mikono ya puto bado nachora kwa chaki, na kulipia karatasi 30 stationari kwa gauni moja hailipi.

Sasa magauni. Wanne wa hapa nilifuata tepu, hakuna neno. Wawili waliokataa picha, mmoja Masasi mmoja Dar, yamekaa. Watano wa picha: watatu yamekaa vizuri kabisa, na nilikuwa nimefuata ushauri wa mzee wa Lindi nikaacha inchi nzima ubavuni. Wa nne, wa Dar, mabega yalimzidi, nimeyarudisha ndani Ijumaa usiku. Alipigwa picha na rasta ndefu zimemfunika shingo na bega, simu ikadhani ni mwili. Wa tano ndiye yule wa Pemba. Kipimo sahihi, gauni sahihi, nimerudia kwa tepu alipofika nikakuta simu ilipishana robo inchi tu. Hakulipenda. Anasema yeye anataka libane, "huku tunavaa hivi". Kwenye programu hakuna mahali pa kujaza hilo, nami sikumuuliza.

Kwa walio mbali kuanzia sasa nitaomba vitu viwili. Vipimo vya picha kwa anayetaka, na gauni moja analolipenda linavyomkaa, alitandaze sakafuni, alinyooshe bila kulivuta, apime kwapa kwa kwapa, kiuno, na mabega, anitumie. La kwanza linaniambia mwili wake, la pili linaniambia anavyotaka kuvaa.

BintiShangani

Gauni la kutandaza sakafuni halihitaji taiti wala seva. Ungeanza na hilo.

SindanoMoja (Mtwara)

Kweli dada. Ila wawili kati yao hawakuwa na gauni la kitambaa kisichovutika, yote ni ya kuvutika. Ukipima la kuvutika ukakatia kitenge, mtu haingii.

Mwera_Mtulivu (Nachingwea)

Fundi mimi nina kaunda suti nataka kushona ya send-off ya mdogo wangu, siwezi kuja Mtwara kabla ya siku yenyewe. Urefu wangu ni futi 5 na inchi 8. Nipige picha leo nikutumie namba?

SindanoMoja (Mtwara)

Mkuu, hiyo 5 na 8 nani alikupima? Vua viatu. Simama, visigino na mgongo viguse ukuta, macho mbele, usinyanyue kidevu. Mtu mwingine aweke kitabu kigumu juu ya kichwa, kikae bapa na kiguse ukuta, aweke alama chini ya kitabu. Kama una nywele nyingi azikandamize. Ndipo upime kutoka sakafuni hadi kwenye alama, kwa tepu ya seremala kama ipo. Jaza hiyo. Na shati moja unalolipenda litandaze, nitumie namba zake pia.

Mwera_Mtulivu (Nachingwea)

Nimepima. Tumeweka alama kwa mkaa.

Futi 5 na inchi 6 na robo. Hiyo 8 nimeijaza kwenye kila fomu tangu nimalize shule. Tumerudia mara mbili, kitabu cha kwanza na cha pili, inatoka hiyohiyo, na mama sasa anataka nimpakie ukuta chokaa kabla sijapiga picha yoyote.